Tuupime Moyo Usiotulia?

SHEHA: Mwanangu, mie sipingi utafiti. Wamekuja wa minyoo, wamekuja wa malaria, wa kichocho tumeshawazoea, na watoto wetu wa skuli wanatoa choo na mkojo bila ya kinyongo. Lakini hili lenu la sasa limenishinda. Mnataka kupita nyumba kwa nyumba muwaulize watu wazima, tena wazima wa afya, kama mioyo yao inapanda na kushuka. Mgonjwa namjua na mlango wake naujua. Huyu asiye mgonjwa mnamtakia nini?

MTAFITI: Namtaka kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, Mzee. Kliniki humwona aliyekwisha kuanguka. Kati ya huyo na aliyesimama imara wako wengi wanaoyumba. Wiki hii kachangamka, halali mpaka usiku wa manane, kaahidi kumwezekea mama yake nyumba. Wiki ijayo salamu haitikii, na mwenyewe hajui kapatwa na nini. Anakwenda shamba, anaswali, anagombana, anasamehewa. Kwa daktari haendi, na mzigo wake anaubeba mkewe. Uingereza walifanya utafiti wa kitaifa wa afya ya akili mwaka 2007, wakawahoji zaidi ya watu 7,000 wa miaka 16 na kuendelea. Katika maswali yale lilikuwamo moja la kama hisia zao hubadilika ghafla mara kwa mara. Waliosema ndiyo walikuwa 13.9 katika kila 100, na hao ndio waliosumbuliwa zaidi na mawazo ya kujiua, hata ukiondoa sonona na maradhi mengine. Huyo ndiye unayemwita asiye mgonjwa.

SHEHA: Sensa ya 2022 imetupata Pemba watu 543,441. Nipigie hesabu ya hiyo 13.9 yako.

MTAFITI: Inapita 75,000. Lakini usiipige hivyo, Mzee. Ile ni hesabu ya watu wazima, na sensa imehesabu mpaka mtoto wa jana. Halafu ni hesabu ya Waingereza.

SHEHA: Basi toa watoto. Wakibaki nusu, bado una watu wa kujaza meli na meli. Utawapeleka wapi? Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili? Na huko si Pemba, ni kuvuka bahari kwenda Unguja, na mtu akishatajwa na Kidongo Chekundu mara moja, posa ya binti yake imeshaharibika.

MTAFITI: Sijasema niwapeleke popote. Nimesema niwajue.

MUUGUZI: Mdogo wangu, hapo ndipo unapowatisha watu. Kujua bila ya kupeleka. Lakini nalirudia hilo swali la Waingereza, maana mie ndiye nikaaye na wagonjwa. "Je, hisia zako hubadilika ghafla mara kwa mara?" Muulize mwanamke wa Micheweni asubuhi aliyogombana na wifi yake, atakwambia ndiyo, kila siku, tangu niolewe. Muulize Ijumaa jioni, mume karudi na samaki na watoto wamekogeshwa, atakuuliza wewe una nini. Mtu hana daftari la moyo wake wa mwaka mzima. Anakujibu kwa hali ya saa ile.

MTAFITI: Nakubali, na ndiyo maana sitaki kuuliza mara moja. Chukua watu wawili. Kila mmoja kila jioni anajipa alama ya moyo wake, kuanzia 0 mpaka 10, kwa siku sita. Wa kwanza kaandika 2, 2, 2, 8, 8, 8. Wa pili kaandika 2, 8, 2, 8, 2, 8. Wastani wao ni mmoja, 5. Ukipima kila alama iko mbali kiasi gani na ule wastani, wote wawili unapata 3. Kwa dodoso la kawaida hawa hawana tofauti. Sasa acha wastani, tazama pengo la jana na leo. Wa kwanza karuka mara moja tu, alama 6, basi. Wa pili karuka mara tano. Zidisha kila pengo kwa nafsi yake, tafuta wastani wa yale mapengo matano, kisha kipeuo chake cha pili. Wa kwanza anapata kama 2.7, wa pili anapata 6 kamili. Kuyumba kunaonekana hapo, na hakuonekani pengine popote.

(Msomaji mwenye kalamu na aijaribu hesabu hii, maana mjadala wote uliobaki unaizunguka. Mimi niliijaribu nyuma ya risiti ya duka na ikanitoka sawa. – Mwandishi)

SHEHA: Huyo wa kwanza wako mie namjua. Zile siku tatu za mwanzo karafuu zake bado hazijakauka, ziko kwenye majamvi, mvua inatishia na duka linamdai. Siku tatu za mwisho kesha kuuza. Huyo hana moyo wa kuyumba. Alikuwa na deni, sasa hana.

MTAFITI: Na hesabu inasema hivyo hivyo! Haikumtaja kuwa anayumba. Imemwona karuka mara moja na katulia.

SHEHA: Ngoja, sijamaliza. Na huyo wa pili namjua vilevile. Huyo mvuvi. Leo kapata, kesho karudi na maji kwenye chombo, keshokutwa kapata. 2, 8, 2, 8. Umepima bahari, mwanangu, ukaandika jina la mtu.

MUUGUZI: Hapo kakupata.

MTAFITI: Hajanipata bado. Alama haiji peke yake. Pamoja nayo unamuuliza: leo kulitokea nini? Ulipata kazi? Ulilala? Umegombana na mtu? Wavuvi ishirini wa dau moja na pwani moja, bahari yao ni moja. Ukiwaona kumi na tisa wanapanda na kushuka pamoja na samaki, mmoja anapanda siku ambayo hakuna aliyepata na anashuka siku ambayo wote wanacheka, huyo mmoja hakupelekwa na bahari.

MUUGUZI: Na nani ataamua kuwa sababu ya mtu inatosha au haitoshi? Wewe, na kishikwambi chako? Mama aliyejifungua juzi analia kwa sababu uji umemwagika. Kwenye fomu yako sababu ni uji. Mie najua ni siku ya nne baada ya kuzaa, na siku kama hizo kulia na kucheka kwa pamoja ni jambo la wengi, wala si maradhi, na kwa kawaida wiki mbili hazipiti limekwisha. Mabibi zetu walilijua hilo kabla ya fomu. Ndiyo maana katika arubaini mzazi hakuachwa peke yake, kulikuwa na wa kumkanda, wa kumpikia, na wa kukaa tu.

MTAFITI: Na asiyekwisha wiki mbili? Bibi anayemkanda atajuaje kuwa huyu wa mwezi wa tatu si yule wa siku ya nne? Nikiwa na alama zake za kila siku, naliona lile lisilotulia mapema kuliko bibi, na mapema kuliko wewe, dada yangu, niwie radhi.

MUUGUZI: Radhi umepata. Lakini kabla ya moyo mie namtazama kope. Hapa Pemba upungufu wa damu na safura si hadithi, watu wa maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi wanalijua hilo tangu ilipofunguliwa mwaka 2000. Kanijia mwanamke, watu wa kwao wanasema kabadilika, asubuhi mkali kama pilipili, mchana kajifungia ndani. Nikamvuta kope ya chini, nyeupe pe. Tukapima damu, haikufika nusu ya inayotakiwa. Huyo alama zake zingekwenda 2, 8, 2, 8 kwenye karatasi yako, na dawa yake ilikuwa madini ya chuma.

SHEHA: Chuma hicho hicho mnakisahau haraka. Walikuja hapa na vidonge vya chuma kwa watoto wadogo, miaka ya 2002 na 2003. Nia njema, wataalamu wakubwa. Kisha wakasimamisha wenyewe, kwa sababu watoto waliopewa ndio waliozidi kulazwa na kufa. Malaria ilikuwa nyingi, na chuma kikawa kinaiongezea nguvu. Mie sikusoma sana, lakini hilo nimelishika: jambo linaloitwa zuri kule linaweza kuwa baya hapa.

MTAFITI: Na nani aliyeligundua, Mzee?

SHEHA: Wao wenyewe.

MTAFITI: Kwa kuhesabu. Kulazwa na kufa kwa waliopewa kulizidi kwa wasiopewa kwa asilimia 12. Hakuna mama wala sheha ambaye angeliona ongezeko hilo kwa macho, maana watoto walikuwa wakiugua na kufa kila upande. Ripoti ilipotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, dunia nzima ilibadilisha maagizo ya chuma kwa watoto wa sehemu zenye malaria. Hesabu ya Pemba ndiyo iliyosema simameni. Hiyo ni hoja yangu, si yako.

SHEHA: Ni yako na ni yangu. Watoto wale waliingizwa kwanza, hesabu ikaja baadaye.

(Sikuona jibu la Mtafiti hapa, naye hakulitoa. Kaendelea na jingine. – Mwandishi)

MTAFITI: Tuseme tusipime. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikija Pemba. Maiti zilizopatikana zilipita 200, na wasioonekana wakawa wengi zaidi. Kuna nyumba hapa zilizopoteza watu wanne kwa pigo moja. Baada ya hapo kila mtu akasema watu wamebadilika, mtu anaacha safari bandarini tiketi mkononi, mtu anapiga watoto bila ya kosa. Wamebadilika kutoka wapi? Hatukuwa na kipimo cha kabla. Kwa hiyo hatukujua nani aliumia na nani alikuwa hivyo tangu zamani.

MUUGUZI: Hao hawakuja kwangu kusema wana huzuni. Walikuja na kichwa, walikuja na tumbo na kukosa usingizi. Kwa hilo nawasifu Shirika la Afya Duniani, maana dodoso lao la maswali 20 linaanza na kichwa: unaumwa na kichwa mara kwa mara? Mtu hapo anafunguka. Na Muhimbili, Sylvia Kaaya na wenzake walikwenda mbele zaidi, wakatoa mwaka 2008 kipimo cha maswali 19 kilichotokana na namna watu wa Dar es Salaam wanavyoeleza shida zao wenyewe. Kama ungenambia unakaa kwanza mwaka mmoja na watu wa Konde na Kengeja uwasikilize, ndipo utunge maswali, ningekupa kiti. Unakuja na maswali ya tayari. Lile dodoso maarufu la maswali 9 la sonona lilitengenezwa kwa fedha za Pfizer, nao walikuwa wakiuza dawa ya sonona. Usinilaumu nikiuliza nani kalipia hili.

MTAFITI: Hakuna kampuni ya dawa humu.

SHEHA: Nami nirudi nyuma zaidi ya meli. Mapema mwaka 1995, popobawa, lile jini lililosemwa kuwavamia watu usiku. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Usingizi ulihama kisiwa kizima. Watu walilala nje kwa makundi, moto unawaka, wanaume na bunduki za gobori na wanawake katikati na watoto. Asubuhi macho mekundu, watu wakali, mchana wanacheka wenyewe kwa wenyewe, magharibi ikikaribia kila mtu anakuwa mwingine. Na mwaka ule ndio wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Ungepita na karatasi zako mwezi ule, ungeandika Pemba nzima ina moyo mbovu. Na karatasi hiyo ingekaa. Miaka kumi baadaye angetokea mkubwa mmoja akaisoma: Wapemba ni watu wasiotulia, kipimo kimesema.

MTAFITI: Ningeandika kuwa walipanda na kushuka wote kwa pamoja, na hilo lina maana tofauti kabisa na...

SHEHA: Wewe ungeandika hivyo. Msomaji je?

MUUGUZI: Na tuseme simu. Umesema watu watatuma alama kila jioni kwa simu.

MTAFITI: Ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kitochi. Oxford wamewafuatilia wagonjwa wao hivyo kwa miaka, ujumbe kila wiki, na watu wakajibu. Hapa tuna Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea wanaopita majumbani na simu zenye programu Zanzibar nzima. Njia ipo, ni kuongeza swali moja.

MUUGUZI: Wa Oxford walikuwa wagonjwa waliojijua na waliotaka kufuatiliwa, na simu ni zao. Hapa simu ya nyumbani ni ya mume. Ujumbe unaingia saa mbili usiku: "Moyo wako leo ukoje, 0 mpaka 10?" Anausoma yeye. Mke akijibu 2, kesi inaanza: nani kakukera ndani ya nyumba hii? Akijifunza, atajibu 8 kila siku mpaka utafiti uishe. Utaandika kuwa katulia. Na siku ile moyo uko chini kweli, simu haina chaji, au ina chaji na mwenyewe hataki hata kuishika. Siku unazozitaka ndizo siku ambazo hutazipata.

MTAFITI: Siku zisizojibiwa nazo ni habari. Ukiona mtu hukosekana kila baada ya alama ya chini, umeshajua kitu. Na kuhusu mume, mhudumu anaweza kwenda mwenyewe.

MUUGUZI: Kila jioni? Wa kujitolea?

MTAFITI: Mara tano kwa siku kumi, basi.

MUUGUZI: Hapo umeshaivunja hesabu yako. Wewe mwenyewe umesema pengo la jana na leo.

(Kimya kifupi. Nakiandika kwa sababu kilikuwapo. – Mwandishi)

SHEHA: Niseme linaloogopwa na wenzangu. Watu wangu wakiona mtu na orodha, hawaulizi orodha ya nini. Mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura ulikwama hapa Pemba kwa ugomvi wa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Mtu ananyimwa, kesho anasikia kuna orodha nyingine, ya wenye moyo usiotulia. Ataniambia sheha, nimo au simo? Na nikimwambia sijui, haniamini.

MUUGUZI: Mzee Sheha, niwie radhi na wewe. Sababu ya kutokuaminiwa iko mlangoni kwa masheha pia. Barua za vitambulisho mlikuwa mkisaini nyinyi. Leo ukifuatana na mtafiti mpaka mlangoni, mtu anajibu kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Ukitaka watu wajibu kweli, wewe baki nyumbani.

SHEHA: Nikibaki nyumbani na likitokea la kutokea, nitaulizwa mimi.

MUUGUZI: Ndiyo kazi ya usheha.

SHEHA: Haya. Lakini wewe nawe hujasema kama unataka kipimo au hutaki. Unampiga huyu, unanipiga mie.

MUUGUZI: Nataka, na naogopa. Nikwambie kwa hesabu, maana huyu anapenda hesabu. Chukua watu 1,000. Tuseme wenye shida kweli ni 50. Tuseme kipimo ni kizuri, kinakamata 80 katika 100 ya wenye shida, na kinawaacha salama 80 katika 100 ya wasio nayo. Kitakamata 40 wa kweli. Katika wale 950 waliobaki kitakamata 190 bure. Kesho asubuhi kwenye benchi langu wamekaa watu 230, na 190 hawana kitu isipokuwa hofu niliyowatia mie. Niko peke yangu, na dawa hizi huniishia kabla ya mwezi. Na wale kumi wa kweli waliopita wakaambiwa ni wazima, hao ndio watakaokuja usiku.

MTAFITI: Ndiyo maana nasema kipimo kisiwe cha kumpa mtu jina la ugonjwa. Kipime shehia, kisipime mtu. Kijulishe kuwa upande huu kuyumba ni kwingi kuliko upande ule, serikali ilete muuguzi wa pili. Majina yatolewe. Karatasi yenye jina ichomwe mbele ya wazee, ibaki nambari. Sheha hatakuwa na orodha, wala mie, wala mkubwa wangu akitaka.

SHEHA: Hapo umesema neno. Bila ya majina, mie naweza kusimama msikitini baada ya swala nikawaambia watu.

MUUGUZI: Bila ya majina mie namtibu nani? Kuna kijana kwenye takwimu zako, alama zake 9, 1, 9, 1, kisha 0, kisha kimya. Uko ofisini unaiona. Hujui nyumba, umeichoma karatasi. Utafanya nini?

MTAFITI: Kila mtu atabaki na kadi yenye nambari yake. Tutatangaza nambari zinazohitaji kuonwa, mwenyewe aje.

MUUGUZI: Huyo wa 0 na kimya ndiye atakayekuja mwenyewe?

MTAFITI: Basi jina libaki kwako, dada, kwenye kabati la kliniki, na ufunguo mmoja.

SHEHA: Basi orodha ipo.

MUUGUZI: Ipo, kwangu.

SHEHA: Na siku ukihamishwa?